Plastiki za Nyumbani na Afya Yetu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Tanga

Maswali haya hayakutungwa mezani. Nimeyaokota kwenye vikao vya vikoba Makorora na Ngamiani, kwenye mabenchi ya kliniki na kwenye mabaraza ya kahawa. Mengine hunijia usiku kwa simu, kutoka kwa dada na mashangazi waliotumiwa ujumbe wa kutisha na wanataka kujua kama walale au wasilale. Nimeyapa namba ili jibu likishatolewa mahali nisilirudie. Nitakuelekeza tu swali la kulitazama.

## Tuanze na msingi

1. Plastiki tumeitumia miaka yote na hatujafa. Hatari yake ni ipi?

Plastiki ikiwa baridi na haijachubuka ni kitu kilichotulia. Shida iko kwenye vitu vilivyochanganywa ndani yake: vya kuilainisha, vya kuikaza, vya rangi, vya kuzuia jua lisiipasue, vya kuzuia isishike moto. Vingi havikufungwa humo kwa nguvu. Vimekaa kama mafuta ndani ya andazi: liweke andazi juu ya karatasi uone yanavyohamia.

Kuhama huko kunasukumwa na mambo manne: joto, mafuta, uchachu na muda. Kitumbua kilichopoa kikikaa kidogo kwenye bakuli la plastiki si sawa na mchuzi wa nazi wenye ndimu uliomiminwa humo ukitokota na kulala hadi asubuhi. Ukiyashika hayo manne, maswali mengi ya chini utayajibu mwenyewe kabla ya kunisoma.

Na madhara yenyewe ni ya polepole. Hakuna aliyekunywa chai kwenye kikombe cha plastiki akaanguka pale pale. Kinachozungumzwa ni miaka: homoni kuvurugika, uzazi, ukuaji wa mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana hoja ya "hatujafa" haitufikishi mbali. Hata mvuta sigara huisema.

2. Zile namba ndani ya pembetatu chini ya chombo zina maana gani?

Zinataja aina ya plastiki, basi. Zilianzishwa Marekani mwaka 1988 kwa ajili ya watu wa kuyeyusha na kutengeneza upya, na hazikuwekwa kukuhakikishia usalama wa chakula.

Namba 1 ni PET, yaani chupa za maji na soda. Namba 2 ni polithini ngumu ya madumu. Namba 3 ni PVC: mabomba, na vitu vingi laini vya kuteleza. Namba 4 ni polithini laini, ile tunayoiita nailoni au lailoni. Namba 5 ni polipropilini, plastiki ya mabakuli mengi yenye vifuniko na ya chupa nyingi za watoto. Namba 6 ni polistaireni, yale maboksi meupe ya chipsi yanayolia ukiyasugua. Namba 7 ni kapu la mengineyo, na humo ndimo ilimo polikaboneti, inayotumika kwenye baadhi ya chupa kubwa za maji za kurudisha dukani.

Kwa chakula, 2 na 5 ndizo zinazostahimili zaidi. 3, 6 na 7 ndizo za kuziepusha na chakula cha moto. Alama ya maana zaidi ni ile ya glasi na uma: inasema chombo kilitengenezwa kwa ajili ya chakula. Beseni lisilo na namba wala alama, nalo linanuka dawa tangu siku ulipolinunua, litakufaa kwa kufulia.

3. BPA ni nini, na chombo kilichoandikwa hakina BPA ni salama?

Ni bisfenoli A, malighafi ya polikaboneti na ya utando ulio ndani ya makopo mengi ya vyakula. Tatizo lake ni kwamba mwilini hujifanya estrojeni, homoni ya kike. Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye chupa za watoto mwaka 2011, Marekani mwaka 2012. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipunguza kiwango ilichokiona kinavumilika kwa siku kwa mara 20,000. Hiyo si kurekebisha hesabu; hiyo ni kukiri kwamba mwanzo walikosea mno. Mwishoni mwa 2024 Umoja huo ukaamua kuipiga marufuku kwenye vyombo vya chakula kwa jumla.

Kuhusu lebo: watengenezaji wengi walipoitoa BPA waliingiza ndugu zake, BPS na BPF, ambazo kwenye maabara zinaonyesha tabia ileile. Kwa hiyo lebo ni habari njema nusu. Isikufanye umimine uji unaochemka.

4. Niambie wazi: plastiki inaleta saratani?

Inategemea unazungumzia nini. Gesi ya vinili kloridi, malighafi ya PVC, inasababisha saratani ya ini, hilo halina ubishi. Iligundulika mwaka 1974 kwa wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha Louisville, Marekani. Stairini, malighafi ya yale maboksi meupe, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO (Shirika la Afya Duniani) liliipandisha mwaka 2018 hadi kundi la vitu ambavyo yamkini vinasababisha saratani. Daioksini, kundi la kemikali zenye sumu, aina ya TCDD, inayoweza kutoka kwenye moshi wa plastiki, iko kwenye kundi la vile visivyo na shaka.

Lakini mfanyakazi wa kiwandani anayevuta gesi kila siku si sawa na wewe unayekula wali kwenye sahani ya plastiki. Kwa mtu wa nyumbani, mlango mkubwa wa vitu hivyo ni moshi. Soma swali la 16 kabla ya kuitupa sahani.

## Jikoni

5. Nafunika wali kwa mfuko wa nailoni ili ukauke vizuri. Kuna ubaya?

Upo. Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na kawaida na mtu ambaye jibu analo na anatafuta wa kumtetea.

Polithini laini huanza kulegea kabla hata maji hayajachemka, na huyeyuka kwenye nyuzi 105 hadi 115 hivi. Mvuke wa sufuria uko 100, na ukingo wa sufuria iliyokwisha kukauka maji unapita hapo. Ndiyo sababu mfuko hunata ukingoni ukaubandua kwa kisu. Mvuke unaipiga plastiki, unageuka matone, matone yanarudi kwenye wali. Na wali wenyewe ni wa nazi, una mafuta. Yale mambo ya swali la 1 yamekutana sufuria moja, umekosekana uchachu tu. Mfuko ukiwa mweusi ni mbaya zaidi, kwa sababu mara nyingi umetokana na plastiki chakavu iliyoyeyushwa upya, na hujui jana ilikuwa imebeba nini.

Nimejiuliza tabia hii ilitoka wapi, maana bibi zetu hawakuwa nayo. Naona ililetwa na jiko la gesi. Zamani wali ulipaliwa: makaa juu ya kifuniko, makaa kidogo chini, ukakauka pande zote. Gesi haipaliki. Mvuke ukawa unatoroka, sehemu ya juu inabaki kiini, mfuko ukaingia kuziba pengo.

Ziba pengo kwa kitu kingine. Jani la mgomba lipitishe motoni lilegee, lilaze juu ya wali, kisha kifuniko. Au funga kitambaa safi cha pamba kwenye kifuniko, ncha zikiwa juu zisifikie moto. Au weka juu ya kifuniko chombo kizito chenye maji. Mimi ni wa jani. Harufu yake peke yake inatosha kumwita jirani.

6. Na chai, supu au mihogo ya moto kwenye mfuko?

Ni kosa lilelile kwa njia fupi. Supu ya pweza iliyotiwa ndimu na pilipili, ikamiminwa kwenye kimfuko ikiwa bado inatoa mvuke, ina joto, mafuta na uchachu kwa pamoja. Umepungua muda tu. Maboksi meupe ya chipsi mayai nayo yamo: mayai ya moto yenye mafuta juu ya polistaireni. Umeshawahi kuona boksi limetoboka pale kipande cha moto kilipolala? Pale palipotoboka hapakupotea hewani.

Beba bakuli la bati au hotpoti yako, lakini ifungue uone: nyingine zina chuma ndani, nyingine ni plastiki ndani na nje. Mama lishe wengi hawana tatizo ukienda na chombo. Wengine hukuongezea upawa kwa sababu hawahesabu kimfuko.

Vikombe vya karatasi navyo vina ngozi nyembamba ya plastiki ndani. Watafiti wa India, wa chuo cha teknolojia cha IIT Kharagpur, mwaka 2020 walikuta mililita 100 za maji ya moto zikikaa dakika 15 kwenye kikombe hicho hupata vipande vidogo vya plastiki 25,000 hivi. Kikombe cha udongo cha muuza kahawa kinaoshwa na kurudi kazini, na hakina hadithi hiyo.

7. Chupa tupu za maji nazijaza juisi, mafuta ya kula, achari. Mwisho wa kuzitumia ni lini?

Maji au juisi baridi ya kunywa siku hiyo hiyo: adui wa kwanza si plastiki, ni vijidudu. Shingo ni nyembamba, haioshwi vizuri, na ukiisugua kwa mchanga unaichimba mitaro ya kuficha uchafu. Ikichubuka, ikiwa na ukungu au ikibadilika harufu, muda wake umekwisha.

Mafuta ya kula baridi kwa siku chache hayana neno kubwa. Kitu cha moto, hapana: PET hulegea kwenye nyuzi 70 hivi, na sote tumeona chupa inavyojikunja kama mzee ukiimiminia maji ya chai. Achari, ukwaju na siki vikae kwenye chupa za kioo, maana hapo kuna uchachu na miezi.

Na ndoo za rangi ya nyumba? Hata zikioshwa mara kumi, zisiingie jikoni. Vivyo hivyo madumu ya dawa za shambani na mapipa ya buluu yaliyobeba kemikali, yanayouzwa kwa bei ya kuvutia. Bei inavutia kwa sababu.

8. Sahani na mabakuli ya melamini je?

Kwa vitafunio, matunda na wali uliopoa kidogo, hayana shida. Melamini, plastiki ngumu inayong'aa kama kauri, haipendi kitu cha moto sana na kichachu. Taasisi ya Ujerumani inayopima hatari za vyakula inashauri isipite nyuzi 70. Watafiti wa Taiwan mwaka 2013 waliwapa watu 12 supu ya moto, mara kwenye bakuli la melamini, mara kwenye la kauri, na mkojo baada ya melamini ulikuwa na melamini nyingi zaidi. Supu iende kwenye kauri au bati. Bakuli likipauka na kupoteza mng'ao, listaafu.

9. Barafu za ubuyu na ukwaju za watoto, zile za kwenye kimfuko?

Ziko baridi. Waulize wauzaji habari ya maji waliyotumia, hilo ndilo la maana zaidi.

## Maji

10. Chupa ya maji iliyokaa juani au garini imegeuka sumu?

Haijageuka sumu. Joto kali likidumu siku na wiki huongeza antimoni, chembe za metali zinazotumika kutengeneza PET, na ladha hubadilika. Ukisahau chupa garini siku moja ukanywa, hujajiua. Ila duka linalopanga katoni nje zikapigwa jua la Februari wiki nzima, mimi hupita nikanunua kwingine.

Sasa angalia kinyume chake. Kuna njia ya kuua vijidudu inayotumia chupa hizohizo na jua hilohilo: chupa ya PET angavu, isiyochubuka, isiyozidi lita 2, imejazwa maji yasiyo na tope, ilazwe juani kwa muda wa saa 6; kukiwa na mawingu, kwa siku mbili. WHO inaitambua. Kipindupindu huua kwa saa chache, antimoni haifanyi hivyo. Mahali ambapo hakuna kuni wala dawa ya maji, chupa juani ni rafiki.

Na ule ujumbe kwamba maji ya kugandisha kwenye chupa hutoa daioksini ni uongo. Baridi hupunguza uhamaji, haiuongezi.

11. Simtanki na majaba ya kuwekea maji ni salama?

Yale yaliyotengenezwa kwa maji ya kunywa, ndiyo. Maji ni baridi na hayana mafuta. Kinachowaumiza watu ni mfuniko uliopotea, ukijani ndani na mjusi aliyekufa. Osha mara mbili tatu kwa mwaka, funika, weka kivuli ukiweza. Bomba likiwa limelala usiku kucha, acha maji ya kwanza yamwagike kidogo kwenye ndoo ya kumwagilia.

12. Ni kweli tunakunywa vipande vya plastiki visivyoonekana?

Ni kweli. Vinaitwa mikroplastiki: vipande vilivyo chini ya milimita 5, na vingine ni vidogo hata hadubini ya kawaida haivioni. Mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi walivikuta kwenye damu ya watu 17 kati ya 22 waliowapima. Januari 2024 kundi la Chuo Kikuu cha Columbia lilihesabu wastani wa vipande 240,000 hivi kwenye lita moja ya maji ya chupa, vingi vikiwa vya udogo wa ajabu. Kwa hiyo anayenunua maji ya chupa ili kuikimbia plastiki anakimbilia nyumbani kwake.

Vinafanya nini mwilini? Machi 2024 madaktari wa Italia walieleza habari za wagonjwa 257 waliotolewa utando wa mafuta kwenye mshipa mkubwa wa shingo. Waliokutwa na plastiki kwenye utando huo walipata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo mara 4.5 zaidi katika miezi 34 hivi. Hilo halithibitishi kwamba plastiki ndiyo iliyosababisha, huenda inaandamana na jambo jingine. WHO, kwenye ripoti yake ya 2019 ya maji ya kunywa, ilisema ushahidi uliokuwepo hautoshi kutangaza hatari, na ikataka utafiti zaidi. Mimi naliweka hivi: si la kukunyima usingizi, ni la kukuzuia usiongeze bila sababu.

13. Kuchemsha maji kunaviondoa?

Kwa kiasi, na cha ajabu ni kwamba maji magumu hufanya vizuri zaidi. Watafiti wa Guangzhou, China, mwaka 2024 walionyesha kwamba maji yenye chokaa nyingi yakichemka, chokaa huganda na kuzishika chembe za plastiki. Hadi asilimia 90 hivi zilitoka baada ya kuchuja. Maji laini yalifika kama asilimia 25. Basi kama birika lako hujenga tabaka jeupe, wala usilikasirikie: chemsha, acha yatulie, chuja kwa kitambaa safi. Chemsha kwenye sufuria au birika la chuma. Lile la umeme lenye tumbo la plastiki silipendi.

## Watoto na wajawazito

14. Mtoto anatumia chupa. Nifanyeje?

Akiwa chini ya miezi 6, titi halihitaji chupa ya plastiki. Najua si kila mama anaweza, na sisemi hivi kumsuta yeyote. Anayelazimika kutumia chupa, asome hapa kwa makini.

Watafiti wa Trinity College, Dublin, mwaka 2020 walikuta chupa za polipropilini zikitoa hadi vipande milioni 16 kwa lita, na kadiri maji yanavyokuwa ya moto ndivyo vinavyoongezeka. Lakini maziwa ya unga yanatakiwa kuchanganywa na maji yasiyopungua nyuzi 70 ili kuua vijidudu. Mambo mawili yanavutana, na usitatue kwa kutumia maji baridi, maana kuhara humuua mtoto haraka kuliko plastiki.

Njia ya kati ni hii: chemsha chupa kuisafisha kama kawaida, kisha isuuze mara tatu kwa maji yaliyochemshwa na kupoa kwenye chombo kisicho cha plastiki. Changanya maziwa kwenye kikombe cha kioo au chuma yakiwa ya moto. Yakipoa kufikia joto la kunyweka ndipo uyamimine kwenye chupa. Usiitikise chupa ikiwa na maziwa ya moto. Au achana na chupa umnyweshe kwa kikombe kidogo. Hata mtoto mchanga anaweza, na kikombe huoshwa kirahisi kuliko chuchu.

15. Midoli, na vitu anavyotafuna?

Vile laini vya PVC, vyenye harufu kali ya mpira mpya, vinaweza kuwa na thaleti, vilainishi vinavyovuruga homoni, hasa za watoto wa kiume. Ulaya na Marekani zimeviwekea mipaka kwenye midoli. Mtoto anayeota meno mpe kijiko cha mbao.

Sasa la hatari zaidi, ambalo halikuulizwa: mafuta ya taa ndani ya chupa ya maji. Hakuna plastiki inayowaumiza watoto wetu haraka kama hiyo, na kosa si la plastiki bali la sura yake. Mtoto anaona chupa anayoijua, anapiga funda. Akinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa ili atapike. Mafuta yakirudi yanaingia mapafuni. Mkimbize hospitali na chupa yenyewe mkononi. Mafuta ya taa, jiki na dawa za mende vikae kwenye chombo kisichofanana na kinywaji, juu kabisa.

## Moto na moshi

16. Kuwashia mkaa kwa nailoni ni vibaya kiasi gani?

Hapa ndipo ningependa unisikilize, hata kama umeruka yote ya juu.

Plastiki ikiungua vibaya, kwa moto mdogo wenye moshi mweusi, hutoa gesi ya kaboni monoksidi, vumbi laini linalozama mapafuni, stairini ikiwa ni yale maboksi, na asidi ya kukereketa pamoja na daioksini ikiwa ina klorini kama PVC. Jiko la mkaa alfajiri ndio moto mdogo wenyewe. Anayelipepea ameinama juu yake, mara nyingi na mtoto mgongoni, mara nyingi kwenye ukumbi uliofungwa kwa kuogopa mvua. Kipande cha mfuko kinawaka dakika mbili, lakini ni kila siku, na pua iko shibiri moja kutoka kwenye moto. Daioksini mwilini hukaa kwenye mafuta, na nusu yake huchukua kati ya miaka 7 na 11 kutoka. Mama humpa mtoto kupitia tumbo la uzazi na maziwa.

Mwenye pumu hahitaji maelezo haya. Kifua chake kimeshamwambia.

Sisi watu wa Tanga hatuna udhuru. Minazi imetuzunguka. Vifuu vikavu viwili na fumba la makumbi vinawasha jiko haraka kuliko mfuko, na moto wake ni safi. Anayeuza nazi za kukuna Mgandini hutupa vifuu, muombe. Samaki na mahindi ya kuchoma visiwekwe kabisa kwenye jiko lililowashwa kwa plastiki, maana masizi yanapanda moja kwa moja kwenye chakula.

17. Basi taka zangu nisichome? Nizipeleke wapi?

Chupa za PET na madumu vina wanunuzi kwa kilo. Zitenge kwenye kiroba, waokota makopo watakufuata mlangoni. Maganda na majani yaingie shimo la mbolea. Kinachobaki ni kidogo, nacho kiende na gari la taka. Nyaya za umeme, kandambili na mabomba ndivyo visivyofaa kabisa kuchomwa, na wanaochoma nyaya kutafuta shaba huwa ni vijana ambao hakuna aliyewaambia.

Kutupa ovyo nako kuna bei. Kifuniko kilichopinduka kikishika maji ya mvua kinatosha mbu wa dengi, anayeuma mchana, kutaga. Mlipuko wa dengi wa 2019 ulipoipiga Dar es Salaam, mazalia yake mengi yalikuwa vitu vya namna hiyo: makopo, matairi, vyombo vilivyosahauliwa uani.

18. Kuku wangu huchokora pale ninapochomea taka. Mayai yake?

Swali zuri, na wachache huliuliza. Kuku hula majivu na udongo, na daioksini huingia kwenye kiini cha yai, kwenye mafuta. Mayai ya kuku wa kienyeji waliookota karibu na jalala la Agbogbloshie, Accra, yalikutwa na viwango vya kutisha. Uani kwako si Agbogbloshie, lakini zungushia wavu pale penye majivu, au, bora zaidi, acha kupachoma.

## Mambo ya pembeni

19. Samaki wa soko la Deep Sea wana plastiki? Tuache kula?

Msiache. Plastiki ndani ya samaki iko zaidi tumboni, na matumbo hutolewa. Changu ukishamparua na kumtoa uchafu umemaliza sehemu kubwa ya kazi. Dagaa wadogo, chaza na kome huliwa pamoja na matumbo, hivyo huja na kidogo zaidi. Faida ya samaki kwa mjamzito na mtoto inashinda kwa mbali.

20. Mchele wa plastiki upo kweli?

Sijawahi kuuona, na kila uliopimwa baada ya makelele ulikuwa mchele. Nigeria, Desemba 2016, walikamata shehena wakaitangaza ya plastiki. Maabara ikakuta ni mchele, ila wenye bakteria kupita kiasi. Wali kufinyangwa ukaruka kama mpira ni wanga unavyonata, jaribu na mchele wa shambani kwako. Na hebu piga hesabu: nani atachukua plastiki, ambayo kwa kilo ni ghali kuliko mchele, akuuzie kwa bei ya mchele?

21. Nafanya kazi dukani, nashika risiti za mashine kutwa nzima. Zinahusika?

Zinahusika kuliko watu wanavyodhani. Karatasi ile ya joto, inayofutika maandishi ukiiacha juani, hupakwa BPA au BPS ikiwa huru, haikufungwa kwenye plastiki. Hupenya kwenye ngozi, na zaidi kama mikono ina mafuta ya kujipaka au kitakasa mikono. Mteja wa risiti moja hana haja ya kujali. Wewe wa mia mbili kwa siku nawa kwa sabuni kabla ya kula, na usiziweke kinywani wakati wa kuhesabu chenji. Mjamzito aombe kazi ya rafuni.

22. Nilisikia vijiko na miiko myeusi ya plastiki ina sumu ya kuzuia moto. Nivitupe?

Kulikuwa na utafiti mwaka 2024 uliovuma dunia nzima. Baadaye ikagundulika waliongeza chumvi kwa kukosea kuzidisha: uzito wa mtu, kilo 60, mara kiwango kinachovumilika cha nanogramu 7,000 kwa kilo, waliandika 42,000 badala ya 420,000, hivyo kiwango kilichoonekana kukaribia mpaka kilikuwa mbali nao mara kumi. Kemikali zenyewe zilikuwepo lakini, kutoka kwenye mabaki ya televisheni na kompyuta yaliyoyeyushwa. Usivitupe kwa hofu. Ila mwiko wa mbao upo, ni rahisi, na hauyeyuki ukiusahau ndani ya mafuta ya kukaangia.

23. Mifuko ilishakatazwa. Mbona bado tuko hapa?

Marufuku ya tarehe 1 Juni 2019 yaligusa mifuko ya kubebea, ile tuliyoiita rambo. Zanzibar walitutangulia, 2006. Vifungashio vya viwandani, vya dawa na vya kilimo viliruhusiwa kuendelea, na vijimfuko vyepesi vikajipenyeza hapohapo.

Mimi hili huniuma kwa sababu nyingine. Mkonge uliingia mkoa huu mwaka 1893, ukaijenga Tanga, na kamba za nailoni na polipropilini zilikuwa miongoni mwa vilivyoiangusha bei yake. Tulizikwa na plastiki kibiashara kabla hatujaanza kuivuta kwa pua. Kikapu cha ukindu au cha mkonge bado kinasukwa hapa hapa. Bebea hicho.

24. Jikoni kwangu kila kitu ni plastiki, na fedha sina. Nitupe vyote?

Usitupe hata kimoja. Hamisha. Kwanza vile vinavyoguswa na moto na mafuta: chujio la tui na la chai, bakuli la mchuzi, upawa. Hivyo vitatu vine vya chuma au mbao vinapatikana mwezi kwa mwezi. Kawa la ukili lichukue kazi ya mfuniko wa plastiki juu ya chakula. Vingine vishushwe cheo: bakuli lililochubuka likawe la kuchagulia mchele, beseni likawe la nguo. Dumu langu la lita 20, lililoanza maisha kama la mafuta ya kula na kuwa la maji kwa miaka mingi, nimelikata shingo. Sasa lina mchicha.